Mtungi wa Mchungaji

Milcah alishuka ngazi za makumbusho ya tembo la mnazi pale Timbwani, gauni lake la manjano amelikusanya mkononi, nyuma ya wafanyakazi wenzake wa Kipevu waliomtoa matembezi ya kumuaga. Jumatatu alikuwa anahamia Naivasha. Huko chini, kwenye ghala la kale lililochimbwa ndani ya mwamba, umati wa Jumamosi ulikuwa umefurika. Na aliyesimama kati ya vibuyu akiwaeleza wageni kazi ya ugema alikuwa Nguma, mpenzi wake, ambaye walikuwa hawajasemezana naye kwa wiki tatu.

"Kumbe Jumamosi huwa uko huku?"

"Namshikia zamu ami yangu, ni mgonjwa. Karibu, mpenzi. Ama sasa nikwite madamu?"

"Niite Milcah tu. Nilikuambia nahamishwa, ukasema 'haya'. Miaka miwili, Nguma, jibu ni 'haya'?"

Wenzake wakajifanya wanatazama vibuyu.

Nguma alishusha sauti. "Babako mchungaji, babangu mgema. Kwetu posa ni mtungi wa tembo. Msichana huulizwa mbele ya wazee, 'Babako anywe?' Akikubali, kashaposwa. Niliogopa utasema asinywe."

Milcah alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Wiki tatu alilia akidhani hapendwi, kumbe mwanamume huyu anamuogopa mzee wa watu huko Vihiga ambaye hajawahi hata kumwona.

"Basi niulize."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Nguma aliinua mtungi wa tembo lililogemwa asubuhi, akauweka miguuni pa Milcah. "Milcah, babako anywe?"

Milcah alimvuta mkono, yeye na mtungi wake, hadi ngazi ya juu ambako simu hushika mtandao, akampigia babake.

"Baba, kuna kijana ameniposa. Kwao huleta mtungi wa tembo, nami ndiye ninayeulizwa kama unywe."

Mchungaji, aliyehubiri dhidi ya pombe miaka thelathini, alikohoa. "Na wewe wasemaje, mama?"

"Nasema unywe."

"Yeye anakunywa?"

Nguma aliinamia simu. "Shikamoo, baba. Naonja lile tamu. Kali siligusi."

"Marahaba. Haya, nimekunywa," mzee alisema. "Lakini akija huku, alete soda."

Milcah aliketi papo hapo kwenye ngazi akalia kwa raha, huku Nguma akiuliza taratibu, soda ya rangi gani.