Kome Waliolala Kijitoni

Kila Jumamosi Régina alishuka mtoni Luama na shangazi yake, Véronique, kuokota kome. Kome wao waliwatia kapuni na kulizamisha kapu katika kijito karibu na nyumbani, walale humo wateme mchanga. Hivyo ndivyo bibi zao walivyofanya.

Mwaka ule Wabelgiji walikuwa wamekihamisha kijiji chao kando ya barabara ya Kabambare. Kijito kilikuwa kingine, desturi ni ile ile.

Jumapili Régina aliwachemsha kome kidogo tu, walipofunguka akaepua. Karibu wote waliliwa na mdogo wake, Théophile, maana kwa kome mtoto yule hakuwa na mchezo. Usiku alitapika na kuhara. Kulipokucha macho yalikuwa yamemtumbukia, hata kulia hawezi.

"Umemulisha nini mutoto?" mama aliuliza kwa ukali.

"Kome tu, mama. Ni wale wale!"

Régina alichanganyikiwa. Shangazi alikuwa amewachemsha wengine pale pale mtoni, akala, na sasa alikuwa mzima akitwanga mihogo. Tena Jumapili, alipolitoa kapu, maji ya kijito yalikuwa maangavu. Au ni mikono yake iliyomdhuru Théophile? Aliogopa mno.

Wakambeba mgonjwa hadi zahanati. Mwuguzi, Bwana Raphaël, alimtia maji ya chumvi kwa sindano, akasikiliza habari yote, kisha akamgeukia Régina.

"Kome ya shangazi na ya mutoto, tofauti iko wapi?"

"Hakuna, Bwana. Ila yetu ililala mu kijito."

"Na huko juu ya kijito iko nini?"

Régina akakumbuka. Kilimani, tangu wahamie barabarani, kulikuwa na zizi la mbuzi na vyoo vya kijiji kizima. Na Jumamosi ile mvua ilinyesha sana.

"Lakini maji iko safi!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimeiona!"

"Jicho haioni vidudu, binti yangu. Kome anakunywa maji pale analala. Muchanga anatema, vidudu vinabakia ndani yake. Na moto yako ilikuwa kidogo."

Jioni Théophile aliomba uji. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akamvuta Régina kifuani.

"Si wewe peke yako, mwanangu. Sisi wakubwa tulihama na desturi yetu, hatukutazama tunaiweka wapi. Kesho tutapanda wote mpaka juu ya zizi, tutafute maji ingine. Na kome itachemuka sana."

"Mimi nitabeba kapu," alisema Théophile kwa sauti ndogo.

Mama akamwambia amalize uji kwanza.