Chumba Kina Mwenyewe

Vilianza viti. Mwalimu wa hesabu alifungua Chumba cha Juu baada ya chakula cha mchana, akakuta viti vyote vimegeuzwa kuelekea ukutani, na harufu ya nguo mbichi zilizokosa jua imetanda humo kama wingu. Wanafunzi walicheka, wakavigeuza. Mwalimu hakucheka. Alishuka ngazi moja kwa moja hadi ofisini kwa Fundi.

"Mwambie mfagizi aache mizaha," Fundi akajibu bila kuinua macho kwenye kompyuta.

Huyu Fundi ndiye aliyetunza mfumo wa ratiba pale chuoni: nani yuko chumba gani, saa ngapi, kwa shughuli ipi. Wote walimwita Fundi, hata mumewe akikasirika. Kazi aliirithi kwa shangazi yake aliyestaafu, na ulimi pia.

Mahafali yalikuwa yamekaribia na vyumba havitoshi. Ukiomba chumba, mfumo unakwambia kimejaa. Ukienda kukichungulia, hamna hata panya. Sababu Fundi aliijua: nafasi hewa. Kama kulivyo na wafanyakazi hewa, wenye mishahara wasio na sura, ndivyo walimu walivyoshika vyumba kwa majina ya uongo wasije wakaporwa na wenzao. Aliapa kuzifagia zote, na akafagia kweli. Ya mwisho ilikuwa ya Chumba cha Juu. Jina: Mwenyewe. Siku: kila siku, alasiri. Watu: mmoja. Shughuli: kukaa.

"Hewa, na bado inakaa," alisema, akabonyeza.

Mfumo ule una adabu zake. Ukimfuta mtu, wenyewe humpelekea ujumbe wa kumwarifu, na chini huandika jina la aliyemfuta. Kioo kikaonyesha: Mhusika amearifiwa. Fundi hakujiuliza ujumbe umekwenda kwa nani, maana Mwenyewe hakuwa na simu wala anwani. Akafunga kompyuta, akaenda zake.

Viti viligeuka siku ya pili yake. Kisha Mwenyewe akarudi kwenye ratiba. Fundi alimfuta asubuhi, adhuhuri yupo. Akabadilisha nywila, yupo. Akakificha Chumba cha Juu kisionekane kabisa, na hapo vikaanza kujitokeza vyumba ambavyo yeye hakuviandikisha. Jikoni. Sebuleni. Kitandani, upande wa dirisha. Mwanzoni alidhani ni utani wa vijana wa maabara, akatukana kimoyomoyo, mpaka alipokumbuka kwamba upande wa dirisha ndio anaolalia yeye, na kwamba jambo hilo analijua mumewe tu. Kila mahali palikuwa na jina la Mwenyewe, na chini yake jina la Fundi limekatwa kwa mstari: Amehamishwa.

Jioni alimkuta mumewe anaosha vyombo.

"Ulitoka tena kwenda wapi?" mume akauliza.

"Nimetoka wapi? Ndiyo kwanza naingia."

"Acha masihara. Umekuja alasiri, umepika, tumekula. Umekaa hapo kwenye kochi, kimya. Nikajua leo chuo kimekukamua."

Binti yao akatoka chumbani. Nywele zake, ambazo asubuhi zilikuwa timutimu, zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka, mizuri kuliko yoyote aliyowahi kuisuka Fundi.

"Umenisuka vizuri, mama," mtoto akanong'ona, akijishika kichwa. "Ila mikono yako ilikuwa ya baridi."

Fundi alimkumbatia, akazinusa nywele zile. Nguo mbichi zilizokosa jua.

Asubuhi hakwenda kazini. Alikwenda kwa shangazi. Bibi yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango na dirisha.

"Ulimfuta nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sikumfuta mtu, shangazi. Ilikuwa nafasi hewa."

"Wale hawatajwi, mwanangu, ndiyo maana tukaandika Mwenyewe. Mimi nilimkuta, na aliyenipokeza kazi alimkuta. Asubuhi yetu, alasiri yake. Hajawahi kumgusa mtu. Sikukwambia kwa sababu ungenicheka."

"Ningekucheka," Fundi akakubali, machozi yakimtoka.

Alasiri walipanda wote wawili, shangazi mbele, viatu mkononi. Fundi alikuwa ameirudisha nafasi kama ilivyokuwa, neno kwa neno. Viti vilitazama ukuta, kimoja tu kikitazama mlango, na ingawa hapakuwa na mtu juu yake, mbao zake zililia taratibu kama zinavyolia mtu anapojiweka sawa, na harufu ikawajia nzito, ikawaingia puani na kooni, na Fundi akaushika mkono wa shangazi, kwa sababu sauti iliyosema pale ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila iliyolala ikashiba usingizi.

"Nilikuwa na shida na nani mimi? Chumba kimoja, saa chache, kukaa tu. Ukaniita hewa."

"Nimekurudishia," Fundi akasema kwa taabu. "Nisamehe. Nina mtoto."

"Namjua. Ana kichwa laini."

"Sema unachotaka," shangazi akanong'ona. "Tutakupa."

"Nimeshachukua. Chumba hiki kaa nacho wewe, Fundi. Mimi nimepata pangu, kila siku, bila mwisho."

Mbao zikalia tena. Harufu ikakatika ghafla. Shangazi akashusha pumzi, akadhani yamekwisha, lakini Fundi alikuwa ameelewa lile jambo linakwenda wapi, akashuka ngazi mbio, akapita langoni bila kumjibu mlinzi, akakimbia peku barabarani na jua lingali juu, watu wakimtazama, akiliita jina la mwanawe kila hatua mpaka sauti ikamkauka, na alipofika mlangoni ufunguo wake haukuzunguka.

"Hodi," akaita. "Hodi jamani."

Mumewe alifungua mlango nusu. Alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Binti akachungulia ubavuni kwa baba yake, na Fundi akamnyooshea mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," mtoto akasema.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Kisha akalisikia vizuri lile neno mama: ni lile ambalo mtoto mwenye adabu humpa mwanamke yeyote mzima anayekutana naye njiani. Na mtoto alikwisha kugeuka, anaita kuelekea jikoni.

"Mamaa! Kuna mgeni."