Mtambo Ulioomba Maji

Wimbi lililovunja boti halikuwa hata kubwa, na hilo ndilo lililomuudhi fundi. Dhoruba ilikuwa imevuma mchana kutwa, ikang'oa bati la kibanda cha mitambo na kurusha povu mpaka juu ya jabali, na boti ikavumilia. Upepo ulipoanza kulegea, likaja wimbi moja la kizembe, likakata kamba, likaibamiza boti kwenye mawe mpaka ubavu ukafunguka. Nahodha akajitosa kuiokoa. Alitoka majini na usukani mkononi, mguu umechanika kutoka gotini mpaka kifundoni.

"Nimeokoa usukani," alisema.

"Hongera, shemeji. Sasa tuendeshe jabali."

Nahodha alikuwa mume wa dada yake, mtu wa maneno mengi na mipango michache. Fundi alimkalisha ndani ya kibanda, akararua mkono wa ovaroli yake, akaufunga mguu kwa nguvu. Kitambaa kikalowa damu papo hapo. Akararua mkono wa pili.

"Dumu la maji liko wapi?"

Nahodha alitazama dari.

"Shemeji, nakuuliza dumu."

"Liko gatini. Lilikuwa zito. Nikajua tunakwenda kugusa na kurudi."

Fundi alifumba macho. Kisiwa kilikuwa jabali tupu, bila mti wala kisima. Hata mvua iliwapita, ikaenda kunyesha mjini kwa wenye mabomba.

Kilichoudhi zaidi ni kwamba hawakuwa mbali. Ng'ambo ya maji, uwanja mkubwa wa ndege ulionekana wote, na njia yake ya kutulia ndege ilielekea kwao kama kidole. Ndege zilipita juu ya vichwa vyao magurudumu yakiwa nje, chini kiasi kwamba kibanda kilitetemeka. Mtambo wa ishara waliokuja kuutengeneza ndio uliozileta: ulirusha redioni herufi zake mbili kwa alama za Morse, milio mifupi na mirefu, tena na tena, na rubani aliyezisikia mawinguni alijua uwanja uko wapi. Fundi alikuwa ameutengeneza vizuri sana. Sindano ya kipimo chake sasa ilisimama wima kama askari wa gwaride.

Simu zote mbili zilikuwa zimezama na boti. Redio ya mkononi ilikuwa imekunywa maji ya chumvi. Ilisikia, lakini haikusema. Basi wakakaa wakisikiliza mnara wa waongoza ndege ukizungumza na dunia nzima isipokuwa wao. Jioni, dereva wa gari la zimamoto aliuliza, "Mnara, boti ya mafundi siioni gatini. Wako salama?"

Nahodha aliinuka kwa mguu mmoja.

"Wamesharudi," mnara ukajibu. "Taa ya kisiwani ni ya kijani."

"Taa!" nahodha alipiga kelele. "Mwanangu, taa ndiyo inayoogelea?"

Fundi hakucheka. Aliijua taa hiyo. Mtambo ukiharibika, inawaka nyekundu kule mnarani, na watu husema mafundi wamekwenda. Ikiwa kijani, husema wamerudi. Hakuna aliyeitunga kanuni hiyo. Ilijizalia tu, kwa kuwa kila safari fundi alitengeneza, akapanda boti, akarudi. Naye mwenyewe aliwahi kuisema, miguu juu ya meza. Dada yake naye asingeshtuka, maana siku za dhoruba mumewe hulala gatini kulinda boti.

Kulipokucha, wingu lilikuwa limelala juu ya bahari kama blanketi bichi. Mguu wa nahodha ulikuwa umevimba na kuwaka moto, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Mizaha ilikuwa imemwishia, jambo lililomtisha fundi kuliko damu.

"Uzime huo mtambo," alisema. "Taa iwe nyekundu. Watakuja."

"Siyo sasa."

"Unangoja nioze?"

"Huzisikii hizo ndege? Zimo mawinguni, zinaufuata."

"Dada yako atakuwa mjane, shemeji."

"Na hao walio juu hawana wake? Nyamaza, utakausha ulimi."

Fundi alikaa mlangoni, akimpa nahodha mgongo, ili asimwone machozi ya hasira. Aliulaani mtambo kwa uzima wake, akalilaani na wingu. Hatimaye jua likapenya. Kwenye redio, rubani mmoja baada ya mwingine akaanza kusema anauona uwanja kwa macho. Fundi akasimama, akauzima.

Mnara ukasema, "Kisiwa kimekufa tena."

"Mambo ya kawaida ya kile kidude," sauti nyingine ikajibu. "Zimeni kengele. Mafundi watakwenda bahari ikitulia."

Fundi aliipiga teke ndoo tupu, ikaenda mpaka majini.

"Ndiyo ilikuwa ndoo yetu," nahodha alinong'ona.

"Shemeji, ukiongeza neno nakurusha uifuate!"

Akarudi kwenye mtambo. Akakata waya unaoendesha herufi zake mbili, akauwasha, akashika ncha za waya kwa vidole vyake na kuzigusanisha. Mfupi, mrefu. Herufi moja moja, akaandika angani: MAJI. MGUU. WATU WAWILI. Akarudia mpaka vidole vikafa ganzi.

Ndipo rubani mmoja mwenye sauti ya uzee akaita.

"Mnara, mtambo wenu wa kisiwani haujitambulishi. Unasema 'maji'."

"Sema tena?"

"M, A, J, I. Sasa unasema 'mguu'. Nimeruka miaka mingi, sijaona mtambo unaoumwa mguu. Huko kuna—"

Redio ikakata. Betri ilikuwa imekwisha.

Fundi aliitazama, akaiweka chini taratibu kama yai, akaendelea kugusanisha waya. Hakuacha hata aliposikia injini. Aliacha wazimamoto walipoingia, na mmoja wao akamshika mikono.

Nahodha alikunywa, akatapika, akanywa tena. "Usukani," alisema. "Msiusahau usukani wangu." Fundi akaangua kicheko mpaka akaishiwa pumzi.

Lakini hakupanda boti kwanza. Aliunga upya waya wa zile herufi mbili, akangoja sindano isimame wima, ndipo akafunga mlango.

Kutoka gatini, gari la wagonjwa lilimpeleka nahodha hospitali. Fundi alipanda ngazi za mnara bila mikono ya ovaroli, chumvi usoni. Waongoza ndege waligeuka. Taa ya kisiwani ilikuwa ya kijani.

"Pole sana, Fundi," mkuu wa zamu alianza. "Sisi tuliona taa—"

"Watu wawili wametoka kisiwani," fundi alisema. "Rudia."

Mkuu wa zamu alisimama. Kila siku aliwadai marubani warudie maneno yake; hakuna aliyewahi kumdai yeye.

"Watu wawili wametoka kisiwani."

"Kwa sauti yangu umesikia, si kwa taa. Rudia."

Akarudia. Ndipo fundi akavuta kiti, akakaa, akaomba maji.