Mazutu ya Treni ya Serikali

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma, baa ya Colette, mtaa wa Kikula, Likasi.

Constantin alichora reli mezani kwa kidole kilicholowa bia. Zamani alikuwa mlinzi wa stesheni. Sasa alikuwa mkubwa wa genge.

"Hapa ni gare, kwenye nilikuwa nalinda. Banene bote ba serikali batakuwa hapa, na bapolisi babo. Hapa ni Shituru. Behewa ya mazutu ya treni iko yenyewe tu."

"Na mulinzi?" aliuliza Numbi, dereva wa kamio, lori la genge.

"Bamemuita akapige makofi."

Pitshou, mtu wa pampu, alicheka mpaka bia ikamtoka puani. Serikali ilikuwa inazindua treni ya abiria ya kwenda Lubumbashi. Tena. Kila mara utepe mpya, hotuba ileile. Treni inakwenda safari moja, kisha inalala. Numbi hakuona dhambi yoyote. Mafuta yale ya dizeli yangeishia kwenye magari ya wakubwa. Afadhali yaishie kwake.

Saa tano. Shituru.

Bendi ilisikika kwa mbali. Constantin alikuwa amebaki nyuma, eti kuangalia barabara. Behewa halikuwa na mlinzi wala kufuli. Numbi hakulipenda jambo hilo.

Pitshou alishusha bidon, madumu yao matupu, akafungua bomba la behewa. Likakohoa hewa, basi. Akapanda juu, akachungulia tangini.

"Numbi. Iko kavu."

"Kavu namna gani?"

"Kavu! Hata harufu hakuna!"

Numbi akaelewa. Mazutu yalikuwa yameuzwa kitambo, na wakubwa walewale waliopewa kuyatunza. Walichokosa ni wezi wa kuonyesha watu. Constantin alikuwa amewapatia.

"Shuka! Mbio!"

Polisi walitokea nyuma ya behewa bila haraka, kama watu wanaokwenda kula. Pitshou aliruka. Risasi ilimkuta mgongoni, akaanguka kwenye changarawe, akimwita mama yake. Kamio ilikuwa inanguruma, mlango wazi. Numbi akarudi kumshika mkono.

Ndivyo walivyomkamata. Pitshou alikata roho palepale, na hakuna aliyemfunika. Polisi mmoja alikuwa kwenye robine, bomba la maji la kando ya reli, anajaza maji kwenye bidon zao.

"Munafanya nini?"

"Funga kinywa. Iko lazima zionekane nzito."

Saa sita. Gare ya Likasi.

Walimsimamisha mbele ya abiria, bidon zimepangwa miguuni pake. Constantin alikuwa kivulini, kando ya mkurugenzi wa treni, Alphonse. Constantin alikuwa anapangusa kiatu chake.

"Ndugu wananchi," alisema mkurugenzi, "serikali ilitoa mafuta. Treni haitaondoka, kwa sababu ya huyu!"

Watu wakaokota mawe ya reli. La kwanza lilimpata Numbi begani.

"Bafungue bidon," alisema.

Kitako cha bunduki kilimvunja jino. Akatema damu.

"Bafungue, miye nasema!"

Mama mmoja, mzigo wa unga kichwani, tiketi ingali mkononi, alisogea akapiga bidon teke. Mfuniko ukaruka. Kilichomwagika kikatiririka mpaka kwenye viatu vya mkurugenzi. Mama akachovya kidole, akalamba.

"Mayi," alisema. Akawageukia wenzake. "Bantu, ni mayi ya robine!"

Bendi ikakatiza wimbo. Mawe yalikuwa bado mikononi. Mkurugenzi akatafuta polisi kwa macho. Polisi walikuwa wanatazama chini.

Constantin alikuwa ameshaanza kukimbia.