Sufuria ya Bibi Aaltje

Kila Jumamosi asubuhi Jitske alipaka mkate siagi, akaumwagia punje za chokoleti, kisha akamngoja Shangazi Geertje. Shangazi huyo alikuwa na kazi yake chuo kikuu, hapo hapo mjini Leiden: kupima jinsi vitu tunavyotumia vinavyomaliza madini ya ardhini.

Leo Jitske alikuwa na la kujidai. Bango lake kuhusu vitu vinavyomaliza madini lilikuwa limeshika nafasi ya kwanza shuleni. Jana wazazi walikuja kulitazama, na Jumatatu lingehamia maktaba ya mji.

"Shangazi, ona! Nimevipima vitu vya nyumbani kwa mizani. Sufuria ya chuma ya Bibi Aaltje, bibi yake rafiki yangu Teun, ina kilo nne, ndiyo inayomaliza madini zaidi. Simu ni ya mwisho, ina dhahabu kiduchu tu."

Shangazi akaweka kikombe cha kahawa chini. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mdogo kuliko punje ya chokoleti, akitoka, ghala hulia."

"Panya?"

"Panya gani huyo! Ni dhahabu ya simu, na ghala ni ardhi. Mwanangu, chuma ardhini ni tele, dhahabu ni haba. Hatupimi uzito peke yake. Tunauliza pia: imebaki kiasi gani, nayo inachimbwa kwa kasi gani? Kisha tunalinganisha kila kitu na metali moja, antimoni, kama soko zima linavyotumia jiwe moja la mizani."

Wakapiga hesabu upya. Simu ikaipita sufuria mara maelfu.

Jitske akanywea. "Lakini nimeshashinda! Nani atajua?"

Kabla shangazi hajajibu, Teun akaingia akihema. "We Jitske na bango lako! Bibi kalisoma, kaona haya, sufuria kaiweka nje barabarani ichukuliwe. Gari la vyuma chakavu limeshaingia mtaani!"

Angeweza kuiokoa sufuria bila kulitaja kosa lake. Lakini angemwambia nini Bibi Aaltje? Jitske akarukia baiskeli. Alipofika, mwenye gari alikuwa ameshaishika sufuria masikio yote mawili.

"Subiri, baba! Usiipakie!" Akamgeukia bibi mlangoni. "Bibi, sufuria haina kosa. Nimekosea mimi. Jumatatu namwambia mwalimu alishushe bango."

Bibi Aaltje akacheka hadi akashika mlango. "Miaka hamsini inanipikia, nusura niitupe kwa hesabu ya mtoto wa juzi!"

Jumatatu bango likashushwa kweli, na nafasi ya kwanza akapewa mwingine. Jitske alilia kidogo chooni, kisha akaomba karatasi mpya. Mwalimu akampa, na wiki iliyofuata jedwali lililosahihishwa likatundikwa maktaba.

Jumamosi yake wote walikuwa kwa Bibi Aaltje, sufuria katikati ya meza, imejaa viazi vilivyopondwa na sukuma wiki.

"Kukosea hesabu si aibu," akasema Shangazi Geertje, "hata mimi nafuta kila siku. Aibu ni kulijua kosa lako, ukawaacha watu watupe sufuria nzima."

"Umesikia, bingwa?" Teun akamchokoza.

Jitske akaitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa viazi.