Gauni la Sikukuu la Mayasa

Mimi sisimulii ya kuambiwa. Tabia ni dada yangu, tumbo moja, na siku hiyo mimi ndiye niliyesimamia muziki.

Dada anasomesha darasa la pili hapa Mji Mkongwe. Paa la darasa lake linavuja, mvua ikinyesha watoto wanabanana pembeni na madaftari yao. Basi akaamua kufanya disko toto uwanjani pa skuli, Sikukuu Pili ya Idi, baada ya alasiri, kiingilio kikanunue mabati. Wazee wawili watatu wakanuna, ati disko skuli! Tabia akawaambia, "Watacheza mchana, na mimi nipo pale pale. Nunani, lakini mje na watoto." Wakaja.

Jirani yetu wa mbele, Bi Mwanapili, alifiwa na mwanawe Mayasa ndani ya Ramadhani. Homa ya siku mbili tu. Mayasa alikuwa akikaa dawati moja na Sumaiya, mtoto wa pekee wa Tabia. Asubuhi ya disko Bi Mwanapili alivuka uchochoro na gauni la manjano mkononi, la sikukuu, halijavaliwa hata mara moja.

"Mvishe Sumaiya," alisema. "Ni sadaka. Nataka lichezewe."

Ungekataa wewe? Tabia hakukataa.

Disko lilifana. Nilimwona Sumaiya akicheza pembeni peke yake, mkono kaunyoosha kama aliyeshikana na mtu. Nikacheka. Najuta kucheka, ingawa siku hizi hata majuto siyasikii vizuri.

Kabla ya magharibi nikazima muziki. Utaratibu wa dada ulikuwa hivi: anaita jina kwenye daftari la darasa, mtoto anaitika, mzazi anatia saini kwenye meza ya getini na kumchukua. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Tabia alikuwa hoi, anasoma tu bila kufikiri. Na jina la Mayasa alikuwa hajalikata. Hakuwa na moyo huo.

"Mayasa Ahmada!"

Tabia akajiziba mdomo.

"Abee," likaitika gauni la manjano.

Sumaiya alikuwa anakwenda getini. Bi Mwanapili alisimama pale. Sikumwona akija. Akampokea mkono.

Tabia alikimbia, akamvuta mwanawe. "Bi Mwanapili, huyu wangu!"

"Mchukue huyo, mwalimu," alinong'ona. "Mimi wangu nshapewa."

Akaondoka. Mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa, kama aliyemshika mtoto.

Tulitazama daftari. Mbele ya jina la Mayasa hapakuwa na kitu. Mbele ya jina la Sumaiya palikuwa na dole gumba, wino haujakauka. Mimi nilisimama karibu na meza ile muda wote. Bi Mwanapili hakuigusa.

Tangu siku hiyo mtoto anakula, analala, anakwenda skuli. Hasemi. Ukimwita Sumaiya hageuki. Hospitali wanasema mzima. Tumemsomea dua, tumechoka. Sisi sote tumechoka, hata kulia hatulii.

Madirisha yetu na ya Bi Mwanapili yanatazamana. Jioni moja Tabia alisahau, akaita kama zamani, "Sumaiya!" Mtoto alikaa mkekani nyuma yake, hakutikisika. Sauti ikatoka ng'ambo.

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti ya Sumaiya. Wallahi, sauti ile naijua. Tumeingia nyumba ile mara tatu. Hatukukuta mtu ila Bi Mwanapili na sahani mbili, zote zimeliwa.

Siku hizi Tabia anaita kila jioni. Hana la kumtuma. Anataka tu kuitikiwa. Anasimama dirishani, anaita, anasikia "Abee, mama," anafunga dirisha, anakwenda kumlisha yule wa mkekani.

Jana ilibidi aite mara mbili. Sauti ikakawia. Kisha ikaitika, kwa adabu, kama mtoto anayemjibu mtu baki.

"Abee, mwalimu."