Magugu Yaliyorudi Jarubani

Wiki ile, kila akitoka shule, Rahel alichukua jembe na kuteremka bondeni, chini ya kijiji cha Kinampanda, kusafisha jaruba lao la mpunga kabla ya kupandikiza. Mama yake, Selina, alikuwa amemwambia waziwazi: "Ukishang'oa magugu, yabebe yote mpaka nje ya tuta. Usiache hata jani."

Kubeba ndiko kulikomchosha Rahel. Matope yalimfika magotini, na karai la magugu mabichi lilimvunja shingo. Mbona kwenye shamba lao la alizeti huyakata na kuyaacha papo hapo, jua likamaliza kazi? Basi akayakatakata kwa jembe, akayakanyagia matopeni, akaenda zake.

"Nimemaliza, mama. Nimeyabeba yote," alisema nyumbani.

Baada ya siku kumi jaruba lilikuwa kijani tupu. Kila kipande kilikuwa kimetoa mizizi. Miche kitaluni ilishaanza kuwa njano, na wasipopandikiza kabla ya Jumapili, mwaka huo wangeukosa mpunga.

Mama alishika kiuno. "Ni Ezekieli huyu! Jaruba lake liko juu, anatusukumia uchafu wake kwa maji. Leo atanitambua!"

Rahel alimfuata huku akiyachukia magugu, matope, na zaidi ya yote ulimi wake mwenyewe. Mzee Ezekieli alikuwa akitengeneza tuta lake. Rahel alimwamkia, lakini mama hakutoa hata salamu.

"Kwa nini unatuletea magugu?"

"Selina, yangu yale pale juu ya tuta, yamekauka. Nenda kayaone."

"Usinifanye mtoto mdogo!"

Mzee akachukua koleo, akaelekea kwenye tundu la tuta lililopitisha maji kwenda kwao. "Kama nawachafulia, basi naziba. Tafuteni maji kwingine."

Koleo la kwanza la udongo likaanguka. Rahel akaruka mbele yake.

"Babu, usizibe! Ni mimi! Niliyakatakata nikayaacha majini, kama tufanyavyo kwenye alizeti. Mama nilimdanganya."

Mama akainamisha kichwa na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba," alijibu Ezekieli, akazibua tundu.

Siku tatu Rahel alirudia kazi ileile huku akinung'unika, machozi yakichanganyika na jasho. Safari hii aling'oa kila gugu na mizizi yake, akabeba karai kwa karai mpaka nje ya tuta. Jumamosi walipandikiza. Jioni mama alikaa kando yake, wote miguu imejaa matope.

"Gugu la majini halifi kwa kukatwa, mwanangu. Hufa likitolewa nje, juani. Na uongo ni hivyo hivyo. Wewe uliufukia nyumbani, nao ukaota, nusura utukaushie maji ya jirani."